Ngoma ya Baba Ritha

Seti ya kwanza ilipoisha, Apolonia alikuwa ameshakaukwa sauti. Mwiko wa ugali aliotoka nao jikoni bila kujua ulikuwa bado mkononi, na aliunyanyua juu kama askofu na fimbo yake. Wasichana wa chuo chao cha Shinyanga, ishirini na tano. Wageni kutoka Geita, kumi na tisa.

Apolonia alikuwa mpishi wa chuo. Mpira wa wavu hakuwahi kuucheza, ila kwa miaka sita hakukosa mechi hata moja, na maharage yaliyoungua kwa ajili hiyo hayahesabiki. Mechi ya leo ilikuwa imemnyima usingizi wiki nzima. Mshindi angekwenda Dodoma kwenye mashindano ya vyuo vya nchi nzima. Mara mbili wasichana wake walikuwa wameishia mlangoni, na Ritha, mpigaji wao mkubwa, alikuwa mwaka wa mwisho. Isipokuwa leo, basi tena.

Pembeni yake aliketi mzee mrefu aliyevaa kofia ya pama, gunia miguuni. Huyo alikuwa Mzee Masalu wa Kishapu, baba yake Ritha. Alifika asubuhi, na Apolonia, mtu wa Ushirombo asiyejua kumwacha mgeni peke yake, alimpa chai, kisha akampa somo. Anayeshinda seti tatu ndiye mshindi. Mpira usiguse chini. Mchezaji asiguse wavu. Mzee alisikiliza kwa adabu, akiitikia "ee, mayu", yaani ndiyo mama, kila alipopaswa kuitikia.

"Na watazamaji?" aliuliza mwishoni. "Wanahesabiwa saa ngapi?"

Apolonia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee akaeleza bila kuudhika. Kwao ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, saa ileile, Bagika huku na Bagalu kule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Yeye alikuwa kiongozi wa Bagika. Mwaka jana Bagalu waliwachukulia watu wote, wao wakabaki wakitazamwa na mbwa. Aliposema hivyo aligeuza uso, na Apolonia akamwonea huruma.

Akauliza pia, kwa upole, wakishinda watasafiri lini. Jumatano, Apolonia alimjibu, na huko watakaa wiki mbili. Na wakishindwa? Wakishindwa likizo inaanza kesho, kila mtu kwao, lakini mambo ya kushindwa yasitajwe hapa.

Ndani ya gunia mlikuwa na ngoma. Mzee alikuwa ameipeleka mjini kuwambwa ngozi mpya. Ritha alianza kuicheza akiwa na miaka sita, alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Kabla hajajua kusoma, miguu yake ilishajua kila pigo.

Sasa, kabla seti ya pili haijaanza, wazo likamjia Apolonia. Wageni walikuwa wamekuja na lori zima la mashabiki, wachimbaji watupu, na kelele zao zilifunika uwanja.

"Baba Ritha, itoe hiyo ngoma. Umpe mtoto moyo."

Mzee akasita. "Nisije nikawaharibia, mayu."

Ilibidi ambembeleze, na hata kamba ya gunia aliifungua yeye mwenyewe.

Ngoma ilipolia, uwanja ulihama. Mashabiki wa wageni walianza kuja mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli, kisha wakaja kwa makundi. Waliosita, Apolonia aliwavuta mkono. Mpaka seti ya pili inakwisha, upande wa Geita alibaki dereva wa lori tu, naye alikuwa amelala. Timu zikabadilishana pande. Apolonia akainuka ili amweleze mzee kwamba sasa wanahama, akakuta mzee ameshahama.

Jambo moja tu halikwenda sawa. Ritha alikuwa anaruka mapema. Mpira ungali juu, yeye ameshatua, na mkono wake unapiga hewa. Seti ile ya pili ilikuwa imewaponyoka. Apolonia alijua ni woga wa kucheza mbele ya mzazi, na woga dawa yake ni kutiwa moyo. Akamwomba mzee aongeze. Mzee akaongeza, na seti ya tatu nayo ikaenda.

Ya nne waliicheza roho mkononi. Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu. Apolonia alifumba macho akamwomba Bikira Maria pointi mbili tu, naye hatamsumbua tena mwaka mzima. Alipofumbua, wasichana wa Geita walikuwa wamekumbatiana.

Alilia waziwazi, mtu mzima na mwiko wake. Ritha alikuja jezi imelowa, akapiga goti mbele ya baba yake.

"Sijui miguu yangu imekuwaje leo, baba."

"Miguu yako haina kosa, ng'wanawane," mzee alimwambia, akimfuta uso kwa kiganja. "Nenda kafungashe. Jumamosi tuna Bagalu, na wewe utacheza mbele."

Ritha alipoondoka, Apolonia alijikaza. Hakutaka mzee wa watu aondoke na uchungu, naye alikuja kwa nia njema. Akamwambia asihuzunike, kwa hesabu za kwao Kishapu leo wameshinda, maana watu wote walikuwa upande wao.

Mzee Masalu alirudisha ngoma ndani ya gunia, akafunga kamba polepole.

"Pale mwisho ulifumba macho, mayu," alisema. "Namba nne wa Geita aligusa wavu, mwamuzi hakuona. Angeona, huenda tungeingia seti ya tano, na mkono wangu ulikuwa umeshachoka."