Posa ya Kabla ya Mavuno

Mzee Chitundu aliifunua sahani ya posa kabla mshenga hajamaliza salamu.

Dada yake, aliyekaa naye mkekani, alishika kiuno. "We kaka, una nini leo? Posa inapokelewa hivyo? Mrudishe kwanza, kisha aje tena, atoke jasho! Watasema tulikuwa tunatafuta pa kumtupa mtoto."

"Mambo ya kizamani hayo," mzee alisema. "Mwelwa ni kijana mzuri. Nimekubali."

Chumbani, binti yake Nkandu alikuwa na spika za masikioni, anamsikiliza mwalimu wake wa ukaguzi wa hesabu, ambaye hajawahi kumwona ila kwenye simu. Jina la Mwelwa lilipotajwa, alizichomoa haraka na kuziba mdomo kwa kitenge asije akapiga kelele. Alimpenda, hilo hakuna wa kumbishia. Lakini kijana alikuwa ameanza kumfuata wiki chache tu zilizopita, na Nkandu hakutegemea kuona mshenga upesi namna ile.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Mwelwa ndiye aliyekuwa meneja wa ghala la ushirika kule Mungwi, na ofisi ya Nkandu pale Kasama ilikuwa imempangia kwenda kuhesabu magunia ya mahindi ya ghala hilohilo. Hesabu hiyo ndiyo kazi yake ya vitendo. Bila kuifanya, chuo hakimruhusu kufanya mtihani wa mwisho, na mwaka mzima umekwenda na maji.

Kanuni aliijua vizuri. Alizoea kurudia masomo kwa sauti jioni, na msikilizaji wake alikuwa baba yake, ambaye aliuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wenzake wote wa mtandaoni.

"Haya, endelea," mzee alimwambia siku moja, kabla ya mambo ya posa, huku akimimina munkoyo kwenye vikombe. "Mkaguzi hamkagui nani?"

"Mtu wa nyumbani kwake, baba. Mzazi, ndugu, mume, hata mchumba. Anatakiwa aseme mwenyewe, ajitoe."

"Akishajitoa?"

"Ofisi inatafuta mwingine. Na wengine wenyewe hawapo, mpaka wapatikane ni shughuli."

Mzee alicheka mpaka munkoyo ukamwagika. "Basi mkiolewa nyote, nchi hii haikaguliwi tena!"

Nkandu naye alicheka. Ada yote alilipiwa na mzee huyu, kutokana na mashine ya kusaga iliyonguruma nyuma ya nyumba hata Januari, wakati mashine za majirani zimezimwa kwa kukosa mahindi. Bando la simu likiisha, alimnunulia jingine bila kunung'unika. "Soma, mama," alikuwa akisema. "Wewe ndiye utakayenitoa kimasomaso."

Kwa hiyo, asubuhi iliyofuata posa, Nkandu alikwenda kwa bosi wake akasema ukweli. Bi Namwila alivua miwani.

"Mwanangu, sina mtu mwingine wa kumpeleka mpaka baada ya mavuno. Na mtihani wako je?"

"Nitaukosa, mama."

"Ungenyamaza, hata mimi nisingejua."

"Ningejua mimi," Nkandu alisema, na machozi yakamtoka palepale mbele ya bosi. Bi Namwila alivaa miwani tena, akalifuta jina lake kwenye orodha.

Mwelwa alimbembeleza kwa simu. Atasoma mwakani, akiwa kwake, kwa raha zake. Nkandu alijifuta machozi, akaanza kuulizia bei za vitenge vya harusi.

Mavuno yalikuja. Wakulima walileta mahindi yao, ghala la Mungwi likajaa mpaka darini. Mkaguzi aliyetumwa kutoka Ndola alihesabu, akakuta kila kitu kiko sawa, akaondoka zake. Wiki hiyohiyo mshenga alirudi, safari hii hakukubali hata kukaa.

"Kijana amebadili mawazo," alisema, macho yake yako mlangoni.

Shangazi alitukana ukoo mzima wa Mwelwa. Mzee alimshika Nkandu bega na kusema vijana wa siku hizi hawana haya, asiumize moyo wake kwa sababu ya mtu asiyejua thamani yake. Nkandu alilia kifuani kwa baba yake mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaanza kufikiri kama alivyofundishwa. Mwelwa alianza lini kumtaka? Baada ya ofisi kumpangia lile ghala. Amemwacha lini? Baada ya hesabu kupita.

Siku ya pili alikuwa Mungwi, kwenye mlango wa ghala, na Mwelwa hakuwa na pa kupitia.

"Ghala lilikuwa tupu, sivyo?"

Mwelwa alitazama chini. "Karibu nusu. Mahindi mapya ya wakulima ndiyo yaliyoziba pengo."

"Ukanichumbia ili nisije kuhesabu. Mwaka wangu umepotea, nimekuwa kichekesho Kasama nzima, kumbe unaficha wizi! Huna hata aibu? Sasa ngoja baba yangu asikie. Hutalala kwako leo."

"Nkandu," Mwelwa alisema taratibu, "mimi kanuni za wakaguzi ningezijulia wapi?"

Nkandu alirudi hatua moja nyuma.

"Yale magunia tuliyatoa pamoja, mimi na mzee wako. Ulipopangiwa kuja kuhesabu hapa, yeye ndiye aliyeniambia nikuchumbie mpaka mavuno. Nikamwuliza, 'Na asipojitoa je?' Akacheka. Akasema, 'Namjua binti yangu. Hawezi kusema uongo.'"