Waya wa Mlingotini

Mlingoti wa mashua ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili. Fundi Mcha alifunga waya mpya wa antena kwenye mkia wa waya wa zamani, akaenda upande wa kileleni na kuanza kuvuta, ili wa zamani utoke na mpya uingie. Bi Mize alibaki upande wa chini, akiulisha waya mpya ndani.

Mwaka mzima alikuwa na kinyongo na marehemu mumewe. Mashua ilikutwa ikielea bila mtu, na siku ile Bi Mize alishinda nyumbani mbele ya redio ya mawasiliano asisikie hata neno. Hata kuniaga, Kombo?

Waya wa zamani ulikwama, kisha ukatoka na kiungo kilichozungushiwa kitambaa cha kanga. Fundi alikifungua, akamwonyesha: ndani, shaba ilikuwa imeliwa na chumvi.

"Hapa sauti haipiti, mama," fundi alisema. "Hata angeita kutwa nzima. Nani kafunga hivi?"

Bi Mize aliijua kanga ile. Tepu ilikuwa imewaishia, akaichana kanga yake mwenyewe, akamwambia Kombo itatosha.

"Vuta, mwanangu."

Fundi alivuta. Waya haukusogea. Bi Mize alikuwa ameushika kwa mikono miwili.