Mikono ya Msimu Ujao

Haba na haba humaliza kibaba. Ndivyo mkandaji alivyomwambia mumewe kila asubuhi, akimvuta shuka kabla jua halijapata nguvu.

"Kila siku unayolala, mkono unapungua punje moja. Upepo ukirudi utakuta kibaba kitupu. Amka."

"Leo mwili unakataa, mke wangu."

"Mwili haukuulizwa."

Akaamka. Chuma cha kuning'inia kilikuwa juu ya mlango wa chumba cha kijana wao. Mume ndiye aliyetoboa ukuta na kukifunga, na kila aliponing'inia alitazama ndani: kitanda kilichotandikwa, raba zilizopangwa pamoja, dirisha ambalo hakuna aliyelifungua tangu msimu uliopita.

Msimu huo, siku ya upepo mkali, kijana alitoka ziwani kwenye ubao wake wa tanga, baba nyuma yake kwenye ubao wa kwake. Katikati ya maji mikono ilimchoka. Aliachia ufito wa kushikia tanga, akaanguka, akashindwa kulinyanyua tena. Baba aliufikia ubao. Mwanawe hakumfikia.

Tangu hapo baba alikuwa na neno moja tu. Upepo ukirudi, angelivuka ziwa zima peke yake, ng'ambo hadi ng'ambo, amalizie safari ya kijana. Ziwa lile halivukwi kwa machozi, lilitaka mikono. Na katika miezi ambayo upepo ulilala na mbao zimeegemezwa ukutani, mikono ilikuwa kazi ya mke.

Alimning'iniza. Alimvutisha kamba iliyofungwa ndoo ya mchanga. Alimsimamisha juu ya ubao uliowekwa juu ya gogo la mviringo, magoti yamekunjwa, hadi mapaja yakatetemeka. Kisha chuma tena. Jumapili, chuma. Siku ya mvua, chuma. Siku ya homa, chuma.

"Kiwiko kinawaka moto," alisema mume.

"Maumivu ni mgeni. Mpishe apite."

"Huyu mgeni kahamia na godoro lake."

Alicheka peke yake. Mke alimpaka dawa ya kuchua, akakandamiza kwa kidole gumba palepale penye moto, kisha akamwonyesha chuma.

Wifi yake, dada wa mume, alikaa mapokezi katika kliniki ya viungo alikofanya kazi mkandaji. Siku moja alimsikia akimkaripia mchezaji wa mpira wa wavu.

"Nani kakwambia ufanye mazoezi kila siku? Msuli haujengwi kazini, hujengwa usingizini. Ukiuvuta ukiwa na moto unaukata. Nenda kalale!"

Mchezaji alitoka kama kuku aliyenyeshewa.

"Maskini, umemnyoa bila maji," wifi alicheka. Kisha kicheko kikakatika. "Na kaka yangu je? Jana kashindwa kushika kikombe cha chai. Utamkausha awe kamba ya kuanikia nguo."

"Yule anarusha mpira. Kaka yako anavuka ziwa."

"Ziwa limekula mwanao, nawe unamnoa mumeo ulipelekee? Wifi, huo moyo wako una mfupa?"

Mkandaji alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulishawahi kumkataza kaka yako jambo akakusikia?"

"Nani amwezaye yule?"

"Basi."

Upepo ulirudi, ukaanza kugongagonga mabati. Tangu msiba ule, chama cha wachezaji wa mbao za tanga kilikuwa na sharti: asiyeweza kushikilia ufito uliofungwa uzito haruhusiwi kuvuka. Walikwenda watatu, mume, mke na wifi. Chumba cha chama kilinuka mpira na rangi mbichi. Mume alikuwa amenyoa ndevu. Alisalimia kila mtu, akamtania mkufunzi wa chama kwamba kitambi chake peke yake kingetosha kuwa uzito wa majaribio.

Akashika ufito. Mkufunzi akaachia uzito.

Vidole vilifunguka kimoja kimoja, kama vya mtoto anayesinzia.

"Mkono uliteleza," alisema mume. "Tena."

Mara ya pili hakufika hata pumzi tatu. Mkufunzi alimgusa kiwiko kwa ncha ya kidole, na mwanamume yule, ambaye hakupiga kelele hata makaburini, akapiga kelele.

"Msuli huu umechanika kila mahali," mkufunzi alisema taratibu. "Msimu huu hapana, ndugu yangu. Na mingine... sidhani. Utashika kijiko, utafunga vifungo vya shati. Tanga, hapana."

Mume alikaa sakafuni. Mikono ililala mapajani kama si yake.

"Nilimwambia nakuja," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilimpigia kelele: shikilia, baba, shikilia, nakuja."

Nje tanga la mtu fulani lilipigapiga upeponi. Mkufunzi akainama, akajifanya anafungua kamba ambayo ilikuwa tayari imefunguka.

Wifi alilipuka. "Haya, umeridhika? Fundi mzima wa viungo, watu wanapanga foleni kwako, mume wako mwenyewe unamzidishia kipimo! Piga magoti umwombe radhi kaka yangu!"

Mkandaji alikuwa ameshapiga magoti, akimfuta mumewe uso kwa kiganja.

"Sikuzidisha," alisema, macho yake ndani ya macho ya mumewe. "Mikono ilitakiwa ife, abaki mtu. Radhi siombi."