Nukta ya Kumkumu

"Iangushe tena," Arnold alisema.

Pallavi akaiinua bastola ya tatu hadi usawa wa kifua, akaiachia. Ikagonga sakafu, ikabiringika mara moja, ikatulia bila kufyatuka. Ilikuwa bastola ya gesi, ya kurusha gololi za plastiki. Zile za risasi sheria ilishazipiga marufuku zamani. Lakini gololi nayo haina huruma na jicho la mtu.

Duka lilikuwa kichochoroni, kando ya Coventry Road. Nyuma ya pazia baba yake Pallavi, Mzee Hasmukh, alikuwa akikwangua chuma kwa tupa. Ndiye aliyeanzisha klabu ya mashindano ya kulenga shabaha, na kila Jumamosi bado alishindana na vijana waliomwita babu. Wiki hii alikuwa mkimya; ni mafua, alisema. Mwezi uliopita, siku ya Dasera, sikukuu ambayo Wahindu hubariki vyombo vya kazi, Pallavi alikuwa amemtilia kwa kidole nukta ya kumkumu, ile poda nyekundu ya ibada, kwenye kila chombo chake cha kazi, bisibisi, tupa, hata bastola yake ya mashindano, ili vimletee baraka. Ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya walipokuwa Kisumu, na baba hakuwahi kuzifuta.

Arnold, nesi kwa kazi na msimamizi wa usalama pale klabuni, hakuwa na raha. Chai ilikuwa imepoa mbele yake.

"Kwani unamnunulia nani?"

"Mtu mmoja wa klabu." Akashusha sauti. "Mikono imeanza kumtetemeka. Jumamosi alimaliza kulenga kwa bastola, akaiweka sandukuni ili akachukue bunduki. Akasahau kufunga kizuizi cha usalama. Ikafyatuka. Miwani ya msichana mmoja, mwanafunzi anayekaa Selly Oak, ikapasuka. Kama hangeivaa, saa hii tungekuwa tunaongea mengine."

Pallavi alishtuka. Kanuni aliijua kwa moyo: anayeiacha silaha bila kufunga kizuizi anarudi nyumbani papo hapo, awe nani.

"Ulimrudisha?"

"Nilimrudisha. Lakini keshokutwa anataka kushindana tena, na mimi ndiye wa kusema ndiyo au la. Sijalala vizuri tangu siku ile. Nikafikiri, nikimpatia yenye kizuizi kikubwa, na kifyatulio kigumu kidogo..."

Hasira zikampanda Pallavi. Akilini alimwona kijana, kama aliyesimama mbele yake: mwenye kiburi, kidole hakitulii, amezoea kubembelezwa.

"Arnold, wewe ni nesi. Mgonjwa akianza kuangukaanguka, unambadilishia sakafu?"

"Ni mtu wa heshima zake, dada. Aliniomba nisimwambie yeyote, hasa watu wa nyumbani kwake."

"Basi na hao wa nyumbani kwake ni vipofu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wako, kabla hajaumbuka, atakuwa ameshamtoboa mtoto wa watu jicho." Akazirudisha bastola zote tatu kwenye kabati la kioo na kugeuza ufunguo. "Siuzi. Mfute kwenye orodha, asiguse silaha tena. Akitaka mchezo, mnunulie karata."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, na tupa ikanyamaza.

Arnold alilitazama pazia kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu, na Pallavi akamwonea huruma kidogo. Kumfukuza mtu si kazi ya kupendeza, hasa kwa mtu mpole kama yeye.

"Nilikuja nikitumaini utaniambia vingine," alisema. "Lakini umesema kweli, na nitafanya ulivyosema."

Akafungua begi lake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwa taulo, akakiweka mezani taratibu.

"Hii ndiyo niliyomnyang'anya Jumamosi. Naomba umrudishie wewe."

Pallavi akaifunua taulo. Kwenye mpini wa bastola palikuwa na nukta nyekundu ya kumkumu, iliyokwishaanza kufifia, upana wa kidole chake mwenyewe.