Kiboko na Kwaya ya Chiriku

Chiriku walifukuzwa msituni na Kunguru kwa sababu kila alfajiri walimwimbia Muumba wao. Wakakimbilia kwenye matete ya mtoni, hawana kiota, hawana punje.

Kiboko, ambaye hajui kutoa kidogo, akawabebea maboga kinywani, akayapasua ili wapate mbegu.

"Kuleni, wanangu."

Wakala, wakashukuru. Lakini alfajiri kukawa kimya. Kiboko akaja mbio na boga jingine.

"Mbona hamwimbi? Bado mna njaa?"

"Tumeshiba, Mzee," akasema Mama Chiriku. "Ila ndege mwenzetu Hondohondo, mwimbaji wetu wa besi, ile sauti nzito, Kunguru walimuua. Bila besi wimbo hausimami, na tukinyamaza, wao wameshinda."

"Ningewaletea, mwanangu, lakini besi haioti shambani."

"Unayo. Tangu jana unatutetemesha nayo."

Kiboko akaona haya. "Hii? Hii inakimbiza samaki!"

"Hiyohiyo."

Akaimba nao, macho kayafumba, na wimbo ukavuka mto mpaka msituni.

Siku alipokuja bila boga, hakuna aliyeuliza. Siku alipochelewa mazoezi ya kwaya, alifokewa kama ndugu wa tumbo moja.