Kunguru wa Tabibu Tribhovan

Kunguru aliutazama uji wa maziwa, akamtazama Jasumati, kisha akageuza shingo na kuangalia pembeni.

Jasumati aliusukuma uji karibu naye zaidi. Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa Bhadarvo, mvua zimekwisha na jua limerudi kwa hasira, na juu ya paa la nyumba yao pale Bhavnagar familia nzima ilikuwa imesimama ikimbembeleza ndege. Siku hiyo walikuwa wamempikia marehemu mumewe, Tabibu Tribhovan, chakula chake cha kwanza tangu afariki mwaka jana. Kunguru hula kwa niaba yake: akila, marehemu ameridhika, na walio hai wanashuka kula. Kunguru akisusa, marehemu ana jambo moyoni.

Na jambo lenyewe Jasumati alilijua.

Tabibu Tribhovan alikuwa bingwa wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, mtu wa kuogopwa. Mvua zikikatika na jua likarudi, alisema, nyongo hupanda mwilini, na anayekula vya moto wakati huo anauita ugonjwa kwa jina lake. Basi nyumbani kwake, kuanzia Bhadarvo mpaka baridi ianze, palipikwa choroko, karela chungu, samli iliyochemshwa na majani machungu, na uji mtamu wa mchele na maziwa. Mtindi marufuku. Usingizi wa mchana marufuku. Pilipili na vya kukaangwa, hivyo hata kuvitaja ilikuwa kutafuta ugomvi. Kila jioni alimwambia mkewe atoe ulimi, akaukagua kama askari wa forodha aliyefungua sanduku la mgeni.

Ulimi ulikuwa safi siku zote, kwa sababu Jasumati aliusugua kwa chumvi na kutafuna iliki kila alipotoka kwa Jivraj.

Jivraj alikuwa mkaanga bajia wa mtaa wa pili. Kila Alhamisi saa kumi, kwa miaka thelathini na nane, mke wa tabibu aliaga kwamba anakwenda hekaluni, akaketi nyuma ya pazia la gunia, akala bajia za viazi za moto mpaka machozi ya raha yakamtoka. Akirudi humkuta mumewe ametulia tuli kwenye kiti chake, kinywa kinanukia karafuu, na moyo humuuma. Mtu mwema kiasi kile, na yeye anamzunguka!

Sasa mwema huyo amekufa, na waliokufa wanaona kila kitu.

Nayna, mke wa mwanawe, alinong'ona kwamba labda sukari haitoshi. Sukari ikaongezwa. Kunguru akajikuna ubawa. Hasmukh, mwanawe, akamsogezea karela, kunguru akarudi nyuma hatua mbili. Choroko aliidonoa mara moja, akaitema, akapangusa mdomo ukutani. Hasmukh, mwalimu mzima anayeheshimika mjini, akapiga magoti na kumwomba baba yake japo kijiko kimoja tu, kwa ajili ya wajukuu wenye njaa. Wapi.

Hapo ndipo Jivraj mwenyewe alipotokea kwenye ngazi, mzee wa watu, anahema, amealikwa kama majirani wengine. Mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta.

Jasumati alikitambua kifurushi. Mzee huyu amechanganyikiwa, amemletea bajia zake mbele ya watoto, tena siku ya marehemu! Alimkonyeza. Alimtikisia kichwa. Akajifanya anakohoa na kumwonyesha ngazi kwa kidole cha mguu. Jivraj hakumwona hata kidogo, macho yake yalikuwa kwa kunguru.

Basi kama ni kuumbuka, afadhali aumbuke kwa mdomo wake mwenyewe. Alijifunika kichwa kwa ncha ya sari, akamsogelea yule ndege, akaunganisha viganja.

"Baba Hasmukh, nisamehe," alisema. "Nilikuwa nakula. Kila Alhamisi, kwa Jivraj. Ule ulimi uliokuwa ukiukagua ulikuwa wa mwongo."

Nayna alijiziba mdomo, mabega yakawa yanamcheza kwa kicheko. Hasmukh alibaki pale pale kwenye magoti yake, anamkodolea mama yake macho. Kunguru alikuwa anatazama mawingu.

Jivraj akapita katikati yao, akaufungua mzigo wake juu ya ukuta. Mvuke ukatoka. Kunguru hakungoja hata aondoe mkono. Alidaka bajia moja, akaimeza nzima nzima, akadaka ya pili, akaukanyaga uji wa maziwa kwa miguu yote miwili ili aifikie ya tatu.

Jasumati alilia na kucheka kwa pamoja. Alimkumbatia Nayna, akamwinua Hasmukh, akawaambia watazame, jamani, watazame, baba yao amemsamehe, amekula bajia za mkewe kwa kinywa chake mwenyewe, mtu ambaye maishani hakuwahi kuonja tone la mafuta ya kukaangia. Furaha ilimpanda mpaka akainua mkono wa kulia na kuanza kuapa kwamba kuanzia leo hatagusa cha kukaangwa mpaka naye amfuate.

Jivraj alimshika ule mkono akaushusha taratibu.

"Usiape bado, dada. Hizi si zako. Zako ni za viazi, saa kumi. Hizi ni za pilipili nzima, za saa tisa, na tabibu mwenyewe alikuwa anapitia mlango wa nyuma."