Goti la Shomari

Kila kaya iliruhusiwa matengenezo mara moja tu kwa mwaka, yawe ya mashine au ya mwili wa mtu. Mashine ya presha ambayo Zamda aliitumia kuoshea mazulia ya wateja ilipogoma, fundi aliifungua pale uani.

"Pampu imekufa, mama. Niitengeneze, au utasubiri mpya?"

"Mpya inakuja lini?"

"Foleni ni miaka miwili."

Zamda akamgeukia mumewe, Shomari, aliyekuwa amekaa kitini, goti limevimba.

"Tengenezeni mashine," Shomari alisema. "Mimi nitasubiri."

Mwaka jana pia alisema hivyo, friji ilipoharibika.

Zamda akaweka dole gumba kwenye fomu ya matengenezo ya mwaka aliyopewa na fundi. Alidhani atalia, lakini machozi hayakuja. Pampu ilipoanza kunguruma, akamsogeza Shomari pamoja na kiti chake ili asilowe, akaanza kuosha.